Mchicha wa Kumzuia Mama

Mimi si mtu wa mboga. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi wapo watu wanaonijia kuniuliza habari za kupanda mboga kwenye madebe na magunia, wakidhani zamani nilikuwa bingwa wa kazi hiyo. Sikuwa. Nilikuwa karani wa stoo katika ofisi moja ya serikali ya Mwingereza, nimepanga vyumba viwili Temeke, na mboga niliyoipenda kuliko zote ilikuwa nyama. Nilipanda mchicha kuelekea juu, debe juu ya debe, kwa sababu moja tu. Nilitaka mama yangu asirudi milimani.

Mama alikuwa akiishi peke yake Uluguru, juu kabisa, mahali ambapo ukiangusha chungwa mlangoni unalifuata mpaka kwa jirani wa chini. Baba alikuwa amekwisha fariki, na ndugu zangu wawili kabla yake. Masika ya mwaka ule mama aliteleza akiteremka mtoni, akalala kwenye tope tangu asubuhi hadi alasiri, mpaka mwanamke mmoja aliyekwenda kuchota maji akamkuta. Habari hizo zilinifikia kwa barua ya katekista, mistari miwili, katikati ya habari za mbuzi aliyezaa na mahindi yaliyochelewa. Niliisoma nimesimama stoo kati ya marobota ya blanketi. Nikakaa juu ya robota, jambo ambalo sisi makarani tulikatazwa kulifanya.

Nikamwandikia aje akae nasi. Akajibu, kwa mkono wa katekista yule yule, kwamba atakuja baada ya mavuno kutusalimia kwa wiki mbili, kisha atarudi kwake. Kukaa mjini hataweza, maana amesikia kwamba mjini mchicha unanunuliwa, na mahali mtu anaponunua mchicha hapakaliki. Mke wangu alipoisoma barua ile alisema haihusu mchicha. Nikamwambia imeandikwa mchicha, nami kazi yangu ni kusoma kilichoandikwa. Hakubishana nami. Alikuwa amekwisha nizoea.

Basi nikaamua kwamba mama akifika atakuta mchicha wetu wenyewe, mwingi, wa kuchuma asubuhi na jioni, naye atakosa sababu ya kuondoka. Kilichobaki kilikuwa kutafuta ardhi. Nyumba yetu ilikuwa ya kawaida ya Temeke ya siku zile, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, ukumbi katikati, na uani nyuma uliozungushiwa makuti. Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kizaramo, mjane, mtu wa maneno machache yaliyotosha. Nilipomwomba mahali pa kupanda mboga alinitembeza uani kote, na kila tulipokanyaga akataja kazi ya pale. Hapa pa kinu. Hapa pa kuanikia nazi. Hapa pa kuogeshea watoto. Hapa pa kuku. Pembeni, karibu na jiko, palikuwa na kipande kitupu kama cha mkeka mmoja. Nikauliza hapa je. Akasema hapo panapumzika, kwa sababu uani usipokuwa na mahali pasipo na kazi wapangaji watagombana. Mwishowe akasema chini hakuna nafasi, ila juu bado hajampangisha mtu.

Nikaukubali huo upangaji wa hewani. Ila sharti lilikuwa nisitundike kitu ukutani, kwa kuwa ukuta ni wa udongo na maji yangeuyeyusha. Nikachukua karatasi na rula, nikachora. Nilichora ngazi ya mbao ya vipandio vinne, pana kama mlango uliolazwa, isimame yenyewe hatua moja kutoka ukutani, na kila kipandio kibebe madebe yaliyopasuliwa ubavu na kulazwa chali. Kipandio cha chini kimetokeza mbele na cha juu kimerudi nyuma, ili jua lisimpendelee mtu. Nilipomaliza mchoro ule niliupenda kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya kwa mshahara.

Vifaa havikunigharimu kitu. Mwenye duka la kona, Mhindi wa Kiithnashari ambaye nilikuwa nikimjazia fomu zake, alinipa masanduku ya chai yaliyovunjika, madebe ya mafuta ya taa yaliyotoboka, na magunia mawili ya mchele yaliyotafunwa na panya. Hakuniuliza ya nini. Kesho yake mkewe alituletea sinia la pilau, likiwa limefunikwa vizuri, na akatuambia Mungu atafungua njia. Tulikula. Mke wangu alitaka niende nikawaeleze kwamba hatujaishiwa, nami nilikusudia kwenda, lakini pilau ililetwa tena wiki iliyofuata.

Sasa nieleze makosa yangu, kwani niliyafanya kwa bidii kubwa. La kwanza, madebe yalikuwa na matundu, nami sikuona inakuwaje chombo cha serikali au cha mtu binafsi kikae na matundu. Nikachemsha lami nikayaziba yote, moja baada ya moja, Jumamosi nzima, ili maji yasipotee bure. Maji yenyewe mke wangu alikuwa akiyabeba kichwani kutoka bomba la mtaa. La pili, udongo. Jirani wa nyuma alikuwa akichimbiwa shimo la choo kipya, na mchimbaji alifurahi kupata mtu wa kuuchukua. Ulikuwa udongo mzuri sana kwa macho, wa rangi moja, hauna jani wala mzizi wala mdudu. Niliujaza kwenye madebe na kuusawazisha kwa rula. Magunia niliyasimamisha pembeni, nikayajaza udongo ule ule, nikatoboa ubavuni na kuchomeka vikonyo vya matembele.

Mchicha uliota. Ukafika urefu wa vidole viwili, ukawa na rangi ya manjano, ukasimama hapo hapo kama mtu aliyesahau alichofuata. Nilimwagilia asubuhi. Nikamwagilia jioni. Matembele yalikauka yote isipokuwa moja lililobaki na jani moja. Zikiwa zimebaki siku mbili mama afike, nilikwenda gengeni nikanunua mafungu sita ya mchicha uliong'olewa na mizizi yake, nikaupachika katikati ya ule wa manjano. Kwa jioni ile moja bustani yangu ilipendeza. Mke wangu aliitazama, akanitazama na mimi, akaingia ndani kuendelea na kazi zake.

Mama alishuka kwenye treni Jumamosi na kapu la ndizi, kuku mmoja, na mguu wa kushoto unaoburuta. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, akanishika uso kwa mikono miwili mbele ya makuli wa stesheni. Alikuwa amekuwa mdogo. Niliogopa. Tulipofika nyumbani sikumngoja hata anywe maji, nilimshika mkono nikampeleka moja kwa moja uani kumwonyesha.

Alisimama mbele ya ngazi yangu kwa muda. Mchicha wa kununua ulikuwa umeanza kulala, lakini nilikuwa nimeuegemeza kwa vijiti.

"Hata huku wamewafikia?" akauliza.

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikaelewa, na ningekuwa na mahali pa kujificha ningejificha. Miaka ile kule kwetu ilikuwa imetolewa amri kwamba kila mwenye shamba mlimani alikate ngazi ngazi, ili mvua isiteremke na udongo. Wanawake na wanaume walitolewa siku kadhaa kila wiki kuchimba, na aliyekosa alipelekwa barazani. Mama alichimba miaka miwili. Mimi nilikuwa nayajua hayo vizuri, tena kuliko alivyodhani, maana majembe ya kazi ile yalipita stoo kwetu na hati za kuyatoa niliziandika mimi. Lakini nilipokuwa nachora na rula yangu haikunijia hata kidogo kwamba ninachokichora ni kile kile. Akaniuliza jumbe wa hapa ni nani, na kama ananipiga faini. Nikamwambia hakuna jumbe, nimeijenga kwa hiari yangu. Mama akanipa pole.

Kuanzia hapo tulimtunza kama mgeni wa heshima. Tulimnunulia mkeka mpya, tukamwekea mto, tukampa chai ya maziwa. Akishika ufagio, mke wangu anamnyang'anya kwa upole. Akiinuka kuosha vyombo, mimi nasema mama kaa, umefanya kazi ya kutosha duniani. Jambo hili nililisimulia ofisini, na wenzangu wakanisifu, mmoja akasema angependa mwanawe awe kama mimi. Siku ya tano mama aliacha kuinuka. Siku ya saba alikuwa anakaa mkekani tangu chai mpaka magharibi, mikono imelala mapajani, viganja juu, na kila jioni niliporudi aliniuliza leo siku gani. Nilijua anahesabu kuelekea Jumamosi ya treni. Kila swali lile liliniuma, na dawa niliyoijua ilikuwa kwenda gengeni kuongeza mchicha. Nilikuwa naupachika na kuumwagilia mbele yake. Alinitazama jinsi mtu mzima anavyomtazama mtoto anayemnywesha mwanasesere uji.

Mke wangu alijaribu kuniambia. Alisema mama anaugua kukaa. Nikamjibu kwamba anayeugua ni mchicha, na mchicha ukishika mama atatulia. Siku ile tuligombana kidogo, kwa sauti ya chini, kwa sababu kuta zenyewe unazijua.

Jumapili, siku ya tisa, nimetoka kanisani, mwenye nyumba aliniita alipokuwa akichagua mchele. Akaniuliza kama ni kweli mama anaondoka Jumamosi. Nikamwambia ndivyo anavyotaka mwenyewe, tumemfanyia kila kitu, lakini mtu wa milimani ana moyo wake. Akaendelea kuchagua mchele kidogo.

"Karani, wewe umesoma, lakini hata mtoto anayeanza Kurani chuoni anajua," akasema. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mie leo nahesabu siku ya tisa. Mnamfukuza mwenzenu kwa mto na chai."

Nikamwambia kwamba methali ile hata kwetu tunayo, na maana yake ni kumkumbusha mgeni mvivu asizidishe. Akasema hivyo ndivyo wanavyoielewa wasiopenda wageni. Mwenye jembe ni mwenyeji. Ukimpa mtu jembe umemwambia hapa ni kwako, njoo tulime. Usipompa, umemwambia anywe chai aende zake. Halafu akainuka na ungo wake, akaniacha pale na suti yangu ya kanisani.

Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu alikuwa amesema kweli, na mimi kweli huniudhi nikiisikia kwa mtu mwingine. Sababu ya kutompa mama kazi haikuwa heshima peke yake. Niliona haya. Mimi karani, nivae kola na tai, halafu mama yangu aonekane anafukua udongo nyuma ya nyumba ya kupanga, watu waseme nimemtoa kwao kuja kumfanya kibarua. Nilikuwa namficha mama yangu kwenye mkeka. Nilipolitambua hilo sikuweza kula chakula cha mchana, ingawa kilikuwa kuku wake mwenyewe.

Jumatatu nikitoka kazini nilipita dukani nikanunua jembe. Jembe jipya, zito, lenye mpini mrefu. Nikalifunga kwenye baiskeli, nikavuka nalo Temeke nzima, na nilipofika uani nikampa mama kwa mikono miwili, kama inavyopasa. Nikamwambia mama, jembe lako hili. Alilipokea. Akautazama uani uliofagiliwa, kinu, kuku, kamba ya nguo, mahali panapopumzika.

"Nilime wapi?" akauliza.

Sikuwa nimefikiria hapo. Nikaelekeza kidole kwenye ngazi. Bapa la jembe lenyewe lilikuwa pana kuliko debe. Mke wangu aliingia ndani ghafla, nikamsikia akikohoa kwa muda mrefu. Mama hakucheka. Alilipima jembe mkononi, akautikisa mpini, akasema umeshindiliwa na mtu asiyelima, akaomba kisu na kipande cha mti. Alikaa akiutengeneza mpaka jua likachwa, na jioni ile hakuniuliza ni siku gani.

Niliporudi Jumanne ngazi yangu haikuwepo. Mbao zilikuwa zimepangwa pembeni kwa utaratibu, misumari imenyooshwa na kutiwa kwenye kifuu. Udongo karibu wote ulikuwa umemwagwa mahali panapopumzika, chungu nzima, na mwenye nyumba amekaa kando yake na kutulia, kama vile uani si wake. Yeye na mama walikuwa wamekwenda tangu asubuhi kwenye mikorosho nje ya mtaa, wakarudi na makapu manne ya majani yaliyooza. Nilikuwa sijawahi kumwona mwenye nyumba akibeba kitu chochote kichwani. Kulikuwa na jivu la jikoni, kinyesi cha kuku, na makumbi ya nazi yaliyolowekwa kwenye madebe sita. Jembe lilikuwa limetumika kuchanganya yote hayo pale chini, na lilikuwa na udongo mpaka shingoni.

Mama alichukua ule wa kwangu, wa choo, akanipa ninuse. Haukuwa na harufu. Akanipa wa mikorosho. Akasema udongo wa juu una uhai na wa chini umekufa, na mtu akileta wa chini juu atavuna manjano. Ndivyo walivyofanywa kule nyumbani. Walipokata ngazi waligeuza tumbo la mlima likawa mgongo, na maharage yakaota rangi ile ile ya mchicha wangu, miaka miwili mfululizo, na mwaka wa pili alikula mizizi. Alisema aliitambua rangi ile siku ya kwanza alipoingia uani, na hakutaka kuniaibisha. Nilikaribia kumwambia habari za majembe ya stoo na hati nilizoziandika. Sikumwambia siku ile, wala nyingine yoyote mpaka alipofariki, na jambo hilo linanichoma mpaka leo.

Jumatano asubuhi nilikuwa natoa baiskeli ukumbini bwana afya alipoingia. Walikuwa wakipita nyumba hadi nyumba kutafuta mbu, na huyu alikuwa kijana, kaptura imepigwa pasi, mkononi ana kikombe chenye mpini mrefu cha kuchotea maji. Alipita kati yetu kimya akachungulia madebe. Makumbi hayakuwa na tatizo, yalikuwa ya jana tu. Lakini pembeni palikuwa na debe langu moja la kipandio cha chini ambalo mama hakuwa amelifikia, nililoliziba vizuri kuliko yote. Udongo ulikuwa umezama na juu yake maji yamesimama. Akachota, akainua kikombe kwenye mwanga. Viluwiluwi vilikuwa vinacheza humo kwa furaha.

Akatangaza kwamba madebe yote na magunia yatolewe nje ya uani, yasionekane tena, ama sivyo mwenye nyumba ataitwa kortini. Mwenye nyumba alikunja mikono. Nyumba ile ndiyo aliyoachiwa na marehemu mumewe, na hakuwa na nyingine. Mimi nikaanza kumweleza bwana afya kwa lugha ya ofisi, kwa heshima na taadhima, kuhusiana na suala lililotajwa hapo juu. Akaniambia nisimpotezee muda. Hapo nikaiona bustani imekwisha, na Jumamosi mama juu ya treni, na mtoni pale penye utelezi.

Mama aliinuka na mguu wake. Akamwendea yule kijana akamuuliza kama na yeye ni wa ngazi. Kijana akasema yeye ni wa mbu. Mama akasema afadhali, kwani wale wa ngazi hawasikilizi, na wa mbu bado hajawajua. Akaomba msumari na jiwe. Akalifudikiza debe langu, tope lote likamwagika miguuni mwetu, akapiga matundu matano chini, akalisimamisha tena na kumimina maji. Maji yakapita yote, yakaenda zake chini ya makuti. Akaliinua akamwonyesha tundu kwa tundu, pasipo haraka, na kumuuliza mbu atazaa wapi hapo. Yule kijana alilitazama debe. Nadhani nyumbani kwao alilelewa vizuri, kwa sababu hapo ndipo alipokumbuka kwamba hajamwamkia mtu mzima. Akasema shikamoo bibi.

Kisha akasema atatoa wiki moja. Yote yatobolewe kama lile. Akikuta hata moja limeshika maji, yote yataondoka.

"Jumatano ijayo nitakuja mwenyewe," akasema.

"Njoo," mama akamjibu. "Utanikuta."

Jumatano ijayo ilikuwa siku nne baada ya treni. Nilifanya hesabu hiyo mara mbili nikiwa nimeshika baiskeli, na mara zote mbili ilikuja sawa. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni ameshika kinywa. Hakuna aliyemuuliza mama amesema nini, maana tuliogopa asije akajirekebisha. Yeye alikuwa amekwisha chukua debe la pili na kulifudikiza. Nililia juu ya baiskeli mpaka nilipofika reli, na sioni aibu kuandika hivyo. Nilichelewa kazini na nikaandikiwa onyo.

Jioni nilikuta madebe yamekwisha tobolewa na kujazwa, makumbi chini, majani ya mikorosho juu yake, kisha udongo mweusi. Hakuyapanga ngazi. Aliyapachika ovyo ovyo kwenye miti ya ua wa makuti, moja hapa, moja kule, jingine limening'inia kwa kamba kutoka pembeni mwa paa la jiko, hakuna mawili yaliyolingana. Rula yangu ingelia. Magunia aliyasimamisha upya, na katikati ya kila moja akashindilia vifuu vilivyovunjika tangu chini hadi juu, ili maji yafike kote. Mwenye nyumba alikuwa akimsogezea kila kitu kabla hajakiomba.

Nilivua koti nikakunja mikono ya shati, nikamuuliza nifanye nini. Akaniambia nishike debe lisiyumbe. Akafungua kitambaa kidogo cheusi kwa moshi. Ndani mlikuwa na maganda ya mahindi yaliyofungwa moja moja, na katika kila ganda mbegu zake: mnavu, kunde, maboga, mchicha wa kwetu wenye jani jekundu. Nilidhani amemwagiza mtu. Nikamuuliza zimefika lini.

"Nilikuja nazo," akasema.

Kwetu mtu haendi kusalimia na mbegu. Mbegu hubebwa na bibi arusi, au na mtu anayehama. Mtoto yeyote wa milimani analijua hilo, nami nilikuwa mtoto wa milimani kabla sijawa karani. Nikahesabu zile siku za mkeka na mto na chai ya maziwa. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

Alikuwa anatia mbegu kwa vidole vitatu, tatu kwa kila shimo, na hakuinua kichwa.

"Nilingoja mnionyeshe pa kupanda," akasema. "Mkanionyesha mkeka."

Nilitaka kumwomba radhi, lakini mikono yangu ilikuwa inashika debe, naye alikuwa amekwisha sogea kwenye shimo jingine. Tukaendelea mpaka madebe yakaisha. Kisha nikachukua ndoo nikaenda bombani, kwa sababu mbegu zilihitaji maji.